Kontena au Fuso: Unapohama Tanga, Anza na Nyumba Unayokwenda

Mtu akishaamua kuhama, jambo la kwanza analofanya ni kuulizia bei ya gari. Anapiga simu huku na huku, anapita kijiweni kwa madereva, anatajiwa bei tatu zisizofanana, anachagua ya chini. Nimewaona wengi hapa Tanga wakianza hivyo na kuishia kulipa mara mbili, kwa sababu bei ilitangulia swali lililostahili kutangulia: nyumba unayokwenda iko tayari kupokea vyombo siku hiyohiyo?

Kama iko tayari, ina milango, ina kufuli, paa halivuji, kodi gari wala usihangaike na kitu kingine. Kama haiko tayari, hata gari la bei ya kutupa litakutia hasara, na hapo ndipo kontena linapoanza kuwa na maana.

Gari la mizigo linakuuzia mwendo. Asubuhi linapakia Makorora, jioni liko Mbagala au Moshi, kesho yake linatafuta mzigo mwingine. Dereva hawezi kukusubiri mpaka fundi amalize sakafu. Ukifika nyumba haijaisha, vitu vinashushwa uwanjani au vinagawanywa kwa majirani, na huko ndiko makochi yanakonyeshewa na masufuria yanakopotelea. Kontena linakuuzia muda. Leo unaingiza vitanda, kesho kutwa vyombo vya jikoni, unafunga kufuli, unaendelea na shughuli zako mpaka siku utakayokuwa tayari.

Marekani wamelifanya hili kuwa biashara kamili. Kampuni ya PODS, iliyoanzishwa Florida mwaka 1998, humletea mteja sanduku kubwa mlangoni, akalijaza kwa nafasi yake, kisha wakaja kulichukua na kulipeleka anakohamia au kulitunza ghalani. Na hukohuko mtu hukodi lori akaliendesha mwenyewe. Kwetu mambo ni tofauti kwa pande zote mbili. Gari la kukodi huja na dereva na utingo wake, na kontena mara nyingi huja kwa njia mbili: ama unalinunua likiwa limeshastaafu safari za baharini, ama linaletwa na meli likiwa na vitu vya ndugu yako wa Muscat au London. Kwa hiyo ushauri wowote utakaosoma wa wenzetu wa mbali, uchuje kwanza.

Tuanze na magari, maana ndiyo yanayobeba nyumba nyingi. Kwa kuhama ndani ya mji, kutoka Ngamiani kwenda Sahare au Mikanjuni, guta au Kirikuu kwa safari mbili tatu zinatosha, na hakuna haja ya kufikiri sana. Safari ya nje ya mji ndiyo inayotaka hesabu. Bodi ya Canter kwa kawaida ina urefu wa mita 4 na kidogo na upana wa karibu mita 2. Ukipanga vitu mpaka kimo cha mita 2 unapata nafasi ya mita za ujazo 16 hivi. Kontena la futi 20 kwa ndani lina urefu wa mita 5.9, upana wa mita 2.35 na kimo cha mita 2.39, yaani mita za ujazo 33. Ina maana kontena moja dogo linameza Canter mbili. Familia ya vyumba vitatu yenye seti ya makochi, makabati mawili na jokofu kubwa huwa inagombana na Canter moja, na hapo Fuso inaleta amani.

Usihesabu vyumba. Chukua futikamba upime vitu vinavyokataa kukunjwa: makochi, kabati lisilofunguka, meza ya kulia, mashine ya kufulia. Vyombo vya jikoni hujibana popote, hata ndani ya jokofu na mapipa. Kitanda kikifunguliwa kinakuwa mbao nne na chaga. Kochi halina huruma, linachukua nafasi yake yote. Kwa hiyo kama kuna seti iliyochoka uliyokuwa ukifikiria kuigawa, igawe kabla ya kuita gari, huenda ikakutoa kwenye bei ya Fuso ikakurudisha kwenye ya Canter.

Kuhusu uzito, vyombo vya nyumbani hujaza gari kabla ya kulilemea, kwa hiyo mwenye mali peke yake hana sababu ya kuogopa mizani. Tatizo huja pale dereva anapojaza nafasi iliyobaki kwa mzigo wa mtu mwingine. Mifuko ya saruji ya Pongwe chini, vyombo vyako juu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 inalitaka kila gari la kuanzia tani 3.5 lipite mizani, na anayeelekea Dar es Salaam kwa njia ya Chalinze atakutana na Vigwaza. Gari likizidisha, linaweza kuzuiwa mpaka mzigo upunguzwe, na cha kwanza kushushwa ni kile kilicho juu. Kama umekodi gari zima, sema mapema kwamba ni zima, na liandikwe hivyo.

Mkaa na mbao ni hatari zaidi ya saruji. Mazao ya misitu husafiri kwa kibali, na vizuizi vya ukaguzi vipo. Dereva akichomeka magunia ya mkaa nyuma ya kabati lako, likikamatwa gari, na kabati lako limekamatwa. Simama pale nyuma mpaka bodi ifungwe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa mtu wa Tanga ni utajiri uliolala: gari la kurudi. Lori lolote linalopeleka mzigo mahali linapaswa kurudi, na likirudi tupu mwenyewe anakula hasara ya mafuta. Ukimpata siku hiyo anafurahi hata kwa bei ndogo. Msimu mkubwa wa machungwa, kuanzia katikati ya mwaka, magari hutoka Muheza yamejaa kwenda Dar es Salaam na mengine huvuka Horohoro kwenda Kenya, kisha yanarudi kuchukua mzigo mwingine. Anayehama kutoka Dar kuja Tanga miezi hiyo ana bahati: aende sokoni yanakoshushwa machungwa, azungumze na dereva ana kwa ana, aongeze kidogo ya kutoka Muheza kuingia mjini. Anayehama kutoka Tanga kwenda Dar miezi hiyohiyo anakutana na upande wa pili wa shilingi, kwa sababu magari yanagombaniwa na wenye machungwa. Huyo avizie magari yaliyoleta bidhaa za madukani kutoka Dar, yanayotafuta mzigo wa kurudia.

Lakini gari la kurudi lina historia yake, nawe unapaswa kuisoma kabla ya kulipa. Panda juu ya bodi. Kama lilibeba machungwa, sakafu itakuwa na maji matamu yanayonata, na sisimizi wataingia kwenye godoro. Kama lilibeba samaki, harufu itakaa kwenye vitambaa vya makochi mwezi mzima. Chokaa na saruji ndivyo vibaya kuliko vyote kwa televisheni na feni: vumbi lile laini hupenya kwenye matundu yote, na likikutana na unyevu wa pwani yetu linaganda. Mwambie utingo afagie, kisha alowanishe na apige deki mbele yako, na bodi ikauke kabla ya kutandika turubai la chini. Ndiyo, maturubai mawili, la chini na la juu. Masika, kati ya Machi na Mei, usikubali kuambiwa kwamba moja linatosha.

Kamba nazo zina neno. Tuko kwenye mji uliokua kwa mkonge, na kamba ya katani inashika fundo vizuri kuliko ya nailoni, ambayo huteleza na kuvutika gari likirukaruka. Kwa kufungia makabati na magodoro, nunua ya katani, nene, na uweke kipande cha godoro kuukuu au gunia pale inapokata kona ya mbao.

Asubuhi moja hapa mtaani jirani yangu, mwalimu aliyestaafu, alikuwa akipakia kwenda kwao Lushoto. Mambo yalienda vizuri mpaka zamu ya jokofu.

"Shikamoo mama," utingo akasema, "hili tulilaze juu ya magodoro, litakaa vizuri."

"Marahaba mwanangu. Halilazwi hilo. Mafuta ya kompresa yataingia kwenye mabomba. Lisimame, mgongo uelekee kichwa cha gari, mlifunge kwenye nondo."

"Litatikisika kwenye kona za Mombo."

"Ndiyo maana nimenunua kamba."

Akasimama hapohapo akiwa amejifunga kanga kiunoni, mpaka jokofu likakazwa kwenye nondo mbili, kisha kabati likaletwa kulibana ubavuni na magodoro yakajaza mwanya. Huo ndio upakiaji. Vizito mbele, karibu na kichwa, vikiwa vimesimama. Vilaini vinajaza mianya. Vya kuvunjika vinakaa katikati, ndani ya mashuka na nguo. Mtungi wa gesi unafungwa vali yake na kusimamishwa pembeni penye hewa. Boksi la mwisho kupakiwa liwe la kwanza utakalohitaji: jiko, sufuria mbili, mashuka, taa, dawa za wazee.

Na kwa safari ile ya Lushoto, hata ungekuwa na kontena la bure, ningekushauri gari. Barabara ya kutoka Mombo kupanda milimani ni nyembamba, ina kona za kubana, na masika udongo huporomoka. Semitrela lenye kontena si chombo cha njia ile. Vivyo hivyo kwa anayekwenda ng'ambo ya Mto Pangani, upande wa Bweni na Mkwaja: kabla ya kufikiria kontena, uliza gari la uzito huo litavukaje.

Kontena linafaa wapi, basi? Linamfaa zaidi mtu ambaye ana kiwanja na nyumba yake inapanda kozi kwa kozi. Wapo wengi: watu wa hapa waliofanya kazi Dar au Arusha miaka yao yote, muda wa kustaafu umefika, nyumba ya kampuni inatakiwa kurudishwa, na nyumba yao ya Pongwe au Mwambani ina kuta na bati tu. Kupanga nyumba nyingine kwa ajili ya kuweka makochi ni kumlipa mwenye nyumba kodi ya fanicha. Kontena la futi 20 likiwekwa kwenye kiwanja linatunza vyombo, linatunza saruji na zana za fundi, na nyumba ikiisha unaweza kuliuza au kuligeuza duka. Hicho ndicho gari haliwezi kukupa, na kwa mtu wa namna hii nasema wazi: nunua kontena.

Ila linunue kwa macho. Ingia ndani mchana, waambie wakufungie milango kwa dakika moja, uangalie juu na pembeni. Kila nukta ya mwanga unayoiona ni tundu la mvua. Shika mpira wa milango, usiwe umekauka na kupasuka. Piga magoti uchungulie chini, kwenye vyuma vinavyobeba sakafu, maana chumvi ya bahari huanzia kula huko. Nusa. Sakafu za mbao za makontena hutiwa dawa ya kuua wadudu kiwandani, na juu ya hiyo hujui lilibeba nini, kwa hiyo mchele, unga na vyakula vingine visigusane nayo hata kidogo. Tandika turubai, kisha mbao, ndipo uweke vitu.

Mwulize pia muuzaji karatasi za kontena lenyewe, kwamba ushuru wake umelipwa na lina ruhusa ya kuuzwa nchini. Bei inayokushangaza kwa unafuu mara nyingi siri yake iko hapo.

Kulifikisha kiwanjani kuna gharama ambazo watu huzisahau. Kontena tupu la futi 20 lina uzito wa tani 2 na zaidi. Linahitaji gari lenye winchi yake au kreni ya kukodi, na njia ya kupita. Kontena lina kimo cha karibu mita 2.6, likikaa juu ya trela linafika mita 4, na kwenye mitaa yetu nyaya za umeme na za simu zimelegea. Tembea njia nzima kwa miguu kabla, ukiangalia juu. Kisha angalia chini, kwenye mchanga utakaozamisha matairi na karo la jirani lililofunikwa kwa zege jembamba. Pita pia ofisi ya serikali ya mtaa, na ikibidi halmashauri, uulize masharti ya kuliweka, hasa kama kiwanja kinagusa hifadhi ya barabara. Liweke juu ya matofali ya zege kwenye pembe nne, sawasawa kabisa, la sivyo milango haitafunga.

Adui mkubwa kuliko mwizi ni jasho la kontena. Joto la Tanga mchana hupasha bati, hewa ya ndani hubeba unyevu, usiku bati likipoa unyevu ule hugeuka matone darini na kunyeshea vitu. Nimeona kabati zuri la mninga likiota ukungu mweupe mgongoni bila tone la mvua kuingia. Dawa yake ni kivuli na hewa. Jenga kipaa cha makuti juu yake, pasiwe na kugusana, upepo upite katikati. Usizibe matundu madogo ya hewa yaliyo juu pembeni. Vitu vikae mbali na kuta kwa upana wa kiganja, magodoro yasimame, nguo zikauke kabisa kabla ya kufungwa. Na siku ya jua, kila wiki mbili tatu, mtu afungue milango toka asubuhi mpaka alasiri. Kama huna mtu wa kufungua, kontena kwenye pwani hii halitakufaa, tafuta chumba kwa ndugu.

Kwa walioko Oman, Uingereza au kwingineko wanaorudi nyumbani moja kwa moja, kontena ndilo jibu lenyewe, na hapo hesabu inahamia forodhani. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu mtu anayehamisha makazi kuingiza vyombo vyake vilivyotumika bila kulipa ushuru, pamoja na gari moja alilolimiliki na kulitumia kwa muda usiopungua miezi 12, mradi awe ameishi nje kwa miaka miwili au zaidi. Vitu vifike ndani ya siku 90 tangu mwenyewe afike, na muda huo Kamishna wa Forodha anaweza kuuongeza. Watu hukwama kwenye mpangilio: wanatuma kontena, wenyewe wanabaki nje mwaka mzima. Panga safari yako na ya mzigo pamoja, tumia wakala wa forodha mwenye leseni, na orodha ya vitu iandikwe kweli. Ukichanganya vitanda vyako na katoni za simu mpya za kuuza, umeliharibu dai lote. Kila siku ambayo mzigo unakaa bandarini baada ya muda wa bure ina tozo yake, kwa hiyo hati zote ziwe mkononi mwa wakala kabla meli haijafunga gati.

Anayehamia Pemba kwa kawaida hapati gari wala kontena la kumfikisha mlangoni moja kwa moja. Vitu vitapanda chombo, na kila kupakia na kupakua ni nafasi ya kuvunjika, kwa hiyo maboksi madogo yenye namba ni bora kuliko mafurushi. Jahazi ni nafuu, lakini kusi ikivuma Mkondo wa Pemba humwaga maji juu ya mzigo. Na msishawishike kusukuma vitu kwenye chombo kilichokwisha jaa. MV Spice Islander I ilizama Septemba 10, 2011 kati ya Unguja na Pemba ikiwa imepakia kupita kiasi, na familia zilizopoteza watu wao bado tunaishi nazo.

Kabla hujatoa fedha mfukoni, mtumishi wa sekta binafsi aangalie haki yake. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri, ajira inapokoma mahali tofauti na pale mtu alipoajiriwa, amsafirishe yeye na mizigo yake mpaka alikoajiriwa au amlipie usafiri huo, na kumpa posho ya kujikimu ya kila siku anayosubiri. Wengi huhama kwa mkopo huku haki hiyo imelala. Dai kwa barua, ubaki na nakala.

Kilichobaki ni makubaliano. Yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: jina la dereva kama lilivyo kwenye leseni yake, namba ya gari, gari zima au sehemu, bei, nani analipa wapakiaji huku na kule, saa ya kuondoka. Angalia leseni ya LATRA ya kubeba mizigo. Elewa kwamba bima ndogo ya gari haigusi vyombo vyako, kwa hiyo vya thamani kubwa ama uvikatie bima ya mizigo ama usafiri navyo mwenyewe. Beba barua ya serikali ya mtaa unaotoka, maana gari lililojaa vitanda usiku huulizwa maswali. Piga picha kila kitu kabla hakijapanda. Mtu wa familia akae kichwani na dereva, na mwingine awe amefika kule mapema na orodha. Lipa nusu wakati wa kupakia. Salio litoke baada ya kitu cha mwisho kwenye orodha kutiwa alama, na jokofu liachwe lisimame mpaka kesho yake ndipo liwashwe.